Mapendeleo ya Mwanachuo na Kipimo cha Kujifunza

Dhana ya mtindo wa kujifunza, yaani njia ambayo mtu huiona kuwa inamfaa zaidi katika kupokea maarifa, ilipata nguvu vyuoni hasa baada ya Neil Fleming wa New Zealand kubuni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hojaji inayowapanga wanafunzi kwa kadiri wanavyopendelea michoro, usikilizaji, kusoma na kuandika, au utendaji. Hojaji ya namna hiyo inaweza kueleza anachokipenda kijana. Kosa hutokea pale majibu yake yanapogeuzwa kuwa agizo kwa mhadhiri kwamba amfundishe kwa njia anayoipenda.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walibainisha masharti ya kulithibitisha agizo hilo: wanafunzi wa kila mtindo wagawanywe kwa bahati nasibu katika njia tofauti za ufundishaji, wafanye mtihani mmoja, kisha ionekane kwamba njia inayowafaa zaidi wa mtindo huu siyo inayowafaa zaidi wa mtindo ule. Walipoyapitia maandiko yaliyokuwapo, hawakupata ushahidi wa kutosha. Utafiti wa masomo ya fizikia uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 unaongeza jambo zito zaidi, kwani wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa kutatua maswali walifanya vizuri zaidi katika jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangwa kwa ustadi, ilhali wao wenyewe walihisi kwamba wamejifunza kidogo zaidi. Jitihada ya kufikiri, ambayo ndiyo inayojenga uelewa, waliichukulia kuwa dalili ya kutoelewa.

Kwa Tanzania suala hili lina sura yake. Mwanachuo aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza sekondari, na akafaulu kwa kukariri maelezo yaliyoandikwa ubaoni, akiulizwa anapendelea nini hutaja mhadhara na madesa, yaani maelezo yaliyokwisha kuandaliwa ambayo wanafunzi hupeana kwa ajili ya mitihani. Hojaji itamwita msikilizaji au msomaji, na ukimya wake katika semina utahesabiwa kuwa tabia yake ya asili, ingawa huenda anaogopa tu kukosea Kiingereza mbele ya wenzake (mjadala huohuo ukihamia bwenini, kwa Kiswahili, mara nyingi ndiye anayeutawala). Pendeleo lake, basi, ni zao la historia ya shule alizopitia, na kumfundisha kwa kulifuata ni kuirefusha historia hiyo kwa miaka mingine mitatu.

Hata hivyo, si haki kumlaumu kwa uvivu. Mtihani wa mwisho wa muhula unapomtaka arudishe yaliyosemwa darasani, kuchagua madesa ni hesabu sahihi ya muda wake, na mhadhiri anayeanzisha mijadala bila kubadili maswali ya mtihani huo anamwomba afanye kazi isiyo na alama.