Kariakoo: Jina Lilipata Mahali, Wenyewe Je?

Kila alfajiri makonda wa daladala wanalitaja jeshi bila kukusudia. "Kariakoo! Kariakoo!" Abiria wanapanda na mafurushi yao. Jina hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, walikuta jengo la soko lililojengwa na Wajerumani ambalo lilikuwa bado halijaanza kutumika kama soko. Wapagazi wakawekwa hapo. Vita vilipokwisha soko likafunguliwa, na jina la kikosi likabaki.

Watu hawa walibeba unga, risasi na majeruhi katika nchi ambako mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Idadi ya waliokufa inayotajwa sana ni kama 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Miaka hiyo hiyo, huko Ulaya na Marekani, swali moja lilikuwa likiwasumbua watawala: mwanamume akienda vitani, nani atazuia mwenye nyumba asimtupie mkewe vyombo nje? Mjini Glasgow, mwaka 1915, wenye nyumba walipandisha kodi wakati waume wako vitani. Wanawake, Mary Barbour akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakagoma kulipa nyongeza na kuwazuia maofisa wa mahakama milangoni. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Uingereza lilirudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914. Machi 1918 Marekani nayo ikatunga sheria: familia ya askari inayolipa kodi isiyozidi dola 50 kwa mwezi haitolewi ndani ya nyumba bila idhini ya mahakama.

Sheria hizo hazikuvuka bahari. Mpagazi alikuwa chini ya bendera ile ile ya Uingereza, lakini sheria ya kodi ya 1915 haikumhusu. Nyumba yake ilikumbukwa kwa jambo jingine: mwaka 1922 serikali mpya ya Tanganyika ilitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Aliyerudi hai akakuta kibanda chake kinadaiwa.

Waliopewa ardhi kwa ajili ya utumishi wao walikuwepo, nao hawakusalimika. Nje ya Nairobi, askari Wanubi wa Keya waliruhusiwa kuishi katika msitu waliouita Kibra, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walipata ruhusa, si hati. Mwaka 1928 eneo likatoka mikononi mwa jeshi na kuingia kwa utawala wa kiraia, na ruhusa ikaanza kuonekana kama fadhili inayoweza kukoma. Tume ya Ardhi ya Kenya, katika ripoti yake ya 1934, iliwaona kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya serikali, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwa askari hao wazee. Wajibu bila hati ni kama mwavuli uliosahaulika nyumbani: upo, lakini mvua inakunyeshea. Wajukuu zao walingoja hadi Juni 2017 ndipo jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ya mwanzo.

Dar es Salaam ilitoa heshima ya aina nyingine. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya mji, bunduki yake ikielekea bandarini. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanawataja wapagazi pia. Shaba haidaiwi kodi, wala haina mjane.

Leo Kariakoo ni mahali ambapo fremu moja ya duka hugombewa kwa mamilioni, na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili zimepisha maghorofa. Anayeijua thamani ya kila futi ya ardhi ile ni dalali. Waliolipa jina lake kwa mabega hawakuachiwa hata chumba kimoja ambacho mtoto wao angeweza kusimama mlangoni na kusema, hapa hatuondoki.