Shahidi Mwenye Anwani

Ambrosia alikuwa mwanamke wa Athens, kipofu wa jicho moja. Alifika Epidaurus, penye hekalu la Asklepios, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, akazunguka uwanjani akisikia habari za waliopona, na akacheka. Viwete watembee, vipofu waone, kwa kuota ndoto tu? Usiku ule akalala hapo kama walivyolala wagonjwa wengine, na ndotoni mungu akamwambia kuwa atamponya, ila malipo yake ni nguruwe wa fedha, amweke hekaluni awe ukumbusho wa ujinga wake. Kulipokucha akatoka anaona kwa macho mawili.

Habari hiyo ilichongwa kwenye jiwe katika karne ya 4 kabla ya Kristo, pamoja na habari nyingine nyingi za aina yake, na mawe yakasimamishwa karibu na jengo walimolala wagonjwa. Msafiri Pausanias alipopita Epidaurus katika karne ya 2 baada ya Kristo alikuta mawe sita bado yamesimama, akaandika kwamba yana majina ya wanaume na wanawake, ugonjwa wa kila mmoja na namna alivyopona. Mimi hutengeneza tovuti za biashara ndogo Dar es Salaam: mafundi samani wa Keko, wapishi wa shughuli, gereji, saluni. Kila mteja wangu, tukishamaliza picha, bei na namba ya simu, hunikumbusha jambo lilelile: "Usisahau kuweka na maoni ya wateja." Kwa hiyo mchonga mawe wa Epidaurus namhesabu kuwa mtangulizi wangu wa kazi, na namheshimu kwa ufundi wake. Tazama alivyomtumia Ambrosia. Alijua kuwa kila anayefika pale ana shaka moyoni, akamtanguliza shahidi mwenye shaka hiyohiyo, ili msomaji ajione kabla hajabisha. Mbinu hiyo bado inatumika leo, na watu hudhani imeanza na intaneti.

Jibu la mbinu hiyo nalo ni la kale. Cicero alisimulia habari za Diagoras, mtu aliyesifika kwa kutoamini miungu, alipokuwa kisiwani Samothrace. Rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizotundikwa hekaluni na watu waliofunga nadhiri wakati wa tufani wakafika bandarini salama. Huoni, akamuuliza, jinsi miungu inavyowajali wanadamu? Diagoras akasema ni kweli, kwa sababu waliozama baharini hawakuchorwa popote. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili maana ya maneno hayo. Nimeyaweka moyoni, na kila ninapopanga sifa tano za wateja kwenye ukurasa wa mbele huwa najiuliza waliozama wako wapi.

Sifa za wateja zilipata kuwa biashara kubwa katika karne ya 19, Uingereza na Marekani, mikononi mwa wauza dawa za chupa. Ningemchagua mmoja tu wa kumweleza kwa kirefu, ningemchagua Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, Massachusetts. Mumewe alifilisika katika mtikisiko wa fedha wa mwaka 1873. Lydia alikuwa na dawa ya mizizi na majani aliyozoea kuwachemshia majirani wenye maumivu ya kike, akiwapa bure. Mwaka 1875 familia ikaanza kuiuza, na watoto wake wa kiume, Daniel na William, wakazunguka mitaani wakigawa vijitabu. Chupa moja ilikuwa dola moja, na ndani yake, pamoja na mizizi, kulikuwa na pombe kiasi cha asilimia 18, iliyoelezwa kuwa ya kuhifadhi dawa isiharibike. Mwaka 1879 wakaweka picha ya Lydia mwenyewe kwenye matangazo: uso wa bibi mtulivu, nywele zimebanwa, shingo imefungwa kwa lesi. Mauzo yakapanda. Wanawake wakaanza kumwandikia.

Barua hizo ndizo zinazonigusa. Daktari wa wakati ule alikuwa mwanamume karibu kila mahali, na yapo mambo ambayo mwanamke hakuweza kuyatamka mbele yake. Alimwandikia Bi Pinkham, na matangazo yalimwahidi kuwa barua yake itasomwa na wanawake peke yao. Aliyepata nafuu aliandika tena kushukuru. Kampuni iliomba ruhusa, ikachapisha shukrani zile magazetini zikiwa na jina kamili la mwandishi na mahali anapoishi, na chini yake ikaahidi kulipa dola 5,000 endapo itashindwa kuonyesha barua halisi iliyoandikwa kwa mkono. Mimi nasema hapo palikuwa na jambo la maana. Pombe ilikuwemo, na uponyaji wenyewe una mashaka, lakini mwanamke wa Ohio aliyesoma sifa ya mwanamke wa Indiana aliweza kuchukua kalamu akamuuliza mwenyewe: je, ni kweli? Shahidi alikuwa na anwani. Aliweza kuhojiwa na mtu asiyemjua, na aliposema uongo, majirani zake ndio waliokuwa wa kwanza kuusoma.

Lydia alifariki mwaka 1883. Matangazo hayakufariki. Wanawake waliendelea kualikwa wamwandikie Bi Pinkham wa Lynn, na barua ziliendelea kumiminika kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1905 Edward Bok, mhariri wa Ladies' Home Journal, alichapisha tangazo moja la aina hiyo, na kando yake picha ya jiwe la kaburi la Lydia lenye mwaka wa kifo. Kampuni ikajitetea kwamba Bi Pinkham anayejibu barua ni mke wa mwanawe. Kwa jina haikudanganya. Lakini yule mama wa shambani aliyemwaga siri zake usiku kwa mwanga wa taa alidhani anamwandikia uso ule alioujua, na uso ule ulikuwa umezikwa.

Bok alifichua lingine lililo baya zaidi. Wakili kijana, Mark Sullivan, alimfanyia uchunguzi, akaonyesha kwamba kulikuwa na madalali wa barua. Kampuni za dawa zilikusanya barua za wagonjwa kwa maelfu, zikawauzia madalali, nao wakazikodisha kwa kampuni nyingine zilizotaka majina ya wenye ugonjwa uleule. Ndivyo ahadi ya siri ilivyokwisha. Nikisoma habari hiyo leo, wakati namba ya simu niliyoacha dukani mchana inapokea ujumbe wa matangazo jioni, sioni kama miaka mia moja na ushei imepita.

Mwaka huohuo wa 1905 Samuel Hopkins Adams alianza mfululizo wake katika jarida la Collier's, akiuita Ulaghai Mkuu wa Marekani. Alifanya kazi rahisi ambayo wengine hawakuifanya: alizifuata sifa mpaka zilikotoka. Dawa iliyovuma kuliko zote ilikuwa Peruna ya daktari Samuel Hartman wa Columbus, Ohio, yenye pombe ya asilimia 28 hivi, ikisifiwa hadharani hata na wabunge. Mwaka 1906 Marekani ikapitisha sheria iliyolazimisha pombe na kasumba zitajwe kwenye lebo. Sifa za wagonjwa zenyewe hazikuguswa. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba sheria inakataza uongo kuhusu kilichomo ndani ya chupa, na haihusu ahadi za kuponya. Bunge likarekebisha mwaka 1912, lakini likaweka sharti zito: serikali ithibitishe kuwa muuzaji alikusudia kudanganya.

Hapo ndipo tunapofika kwenye Banbar, na sijui kisa kingine kinachoeleza kazi yangu vizuri kuliko hiki. Banbar ilikuwa maji ya mmea wa mkia-farasi, yakiuzwa na mtu wa Pittsburgh kuwa ni dawa ya kisukari. Insulini ilikuwa imeshagunduliwa Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922, kwa hiyo mtu aliyeacha sindano akashika Banbar alikuwa ameacha uhai. Serikali ilimpeleka muuzaji mahakamani katika miaka ya 1930. Yeye akaja na barua za shukrani. Mawakili wa serikali wakaja na vyeti vya vifo vya waandishi wa barua hizo: huyu aliandika kuwa amepona, na hiki hapa cheti chake, amekufa kwa kisukari. Ungedhani kesi imekwisha. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Barua zilikuwa halisi, waandishi walikuwa watu halisi walioandika kwa moyo safi, na muuzaji alionekana kuziamini. Kusudio la kudanganya halikuthibitika.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kinabomoa imani iliyozoeleka katika kazi yetu, kwamba ushuhuda mbaya ni ule wa kutunga. Wale wagonjwa hawakutunga neno. Kisukari kina siku nzuri na siku mbaya, na mgonjwa aliyepata wiki ya nafuu ana haki ya kufurahi na kushukuru. Kosa ni kwamba barua ilibaki mikononi mwa muuzaji baada ya mwandishi wake kufa, ikaendelea kusema "nimepona" wakati hakuna tena wa kuulizwa. Mwaka 1933 maofisa wa dawa na chakula wa Marekani walitengeneza maonyesho ya bidhaa za hatari ambazo sheria haikuweza kuzizuia, wakaitundika Banbar ukutani, sifa upande huu na vyeti vya vifo upande ule. Maonyesho yale yalipata jina la Chumba cha Vitisho. Ilibidi watu zaidi ya mia moja wafe mwaka 1937 kwa dawa nyingine, Elixir Sulfanilamide, ndipo sheria mpya ya 1938 ikafuta lile sharti la kusudio.

Wasomaji wangu wa Tanzania watakuwa wamekwisha kukumbuka kijiji cha Samunge. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni kwa kilomita nyingi katika njia ya vumbi ya Ngorongoro. Hakuweka tangazo gazetini. Watu walipelekwa na watu: fulani wa mtaa wa pili amekwenda na sukari imeshuka. Simlaumu mzee aliyekwisha kufariki, na bei ile haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Lakini wapo waliofia njiani wakisubiri, na wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa kikombe. Ushuhuda wao haukupanda basi lolote.

Habari ya watu maarufu kulipwa ili wasifie sabuni na krimu ni ndefu, nami naipita haraka. Mwaka 1925 hata Malkia Marie wa Romania alikubali kuisifia krimu ya Pond's. Tume ya biashara ya Marekani ilipojaribu kulazimisha malipo ya namna hiyo yatajwe, mahakama ya rufaa iliikatalia mwaka 1932 katika kesi ya Northam Warren, ikisema kuwa sifa ya kweli haigeuki uongo kwa sababu imelipiwa. Naona mahakama ilikosea. Msomaji ana haki ya kujua nani amempa shahidi nauli ya kuja mahakamani.

Intaneti ilileta tumaini kwamba muuzaji atanyang'anywa kalamu. Amazon ilianza kuwaruhusu wasomaji waandike maoni yao juu ya vitabu mwaka 1995, mabaya kwa mazuri, na Februari 1996 Pierre Omidyar wa eBay aliwapa wanunuzi na wauzaji mahali pa kuhukumiana hadharani. Ilikuwa hatua kubwa kweli. Ila anwani ilipotea. Pale ambapo zamani palisomeka jina na mji wa mtu, sasa pana jina la utani na nyota tano, na nyota zikawa bidhaa ya kununuliwa. Oktoba 2024 Marekani ilianza kutumia kanuni inayokataza kuuza au kununua maoni ya uongo, faini wakati huo ikiwa hadi dola 51,744 kwa kosa moja. Wale wagonjwa wa Banbar wasingeguswa hata na kanuni hiyo.

Kwa hiyo nina masharti yangu, na wateja wangu wameyazoea. Sipokei "Mama Asha, Dar es Salaam". Nataka mtu aliyekubali jina lake lionekane pamoja na mtaa wake, tarehe aliyosema, na mwaka ukipita namuuliza tena kama bado anasema hivyo. Mara nyingi sifa saba hubaki mbili.

Fundi mmoja wa Keko aliniletea maneno ya mwalimu mstaafu wa Mbagala aliyemtengenezea meza ya chakula. Mwalimu alisema meza ni imara na mbao ni ya kweli, ila ilichelewa wiki mbili na alilazimika kupiga simu mara nyingi. "Sasa kaka, hilo la kuchelewa si tungeliacha?" fundi akaniomba. Tukabishana, mwishowe akakubali libaki. Mwalimu naye akatoa ruhusa ya jina na mtaa, akasema wanaotaka kuiona meza waje Jumamosi baada ya saa kumi. Fundi ananiambia wateja kadhaa walianzia kwa mwalimu, wakaigonga meza kwa mkono, wakachungulia chini yake, wakamuuliza maswali yao, ndipo wakaenda Keko. Na kila mmoja, kabla ya kulipa malipo ya awali, anataka tarehe ya kukabidhiwa iandikwe kwenye risiti.