Mti wa Wanyonge wa Tolpuddle

Katika kijiji cha Tolpuddle, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, umesimama mti mkongwe wa sikamori. Ulipopimwa mwaka 2005, mzingo wa shina lake ulikaribia mita sita, na wataalamu wakakadiria kwamba uliota miaka ya 1680. Matawi yake hupogolewa mara kwa mara, uzito usije ukalipasua shina.

Chini ya mti huo, wenyeji wanasimulia, vibarua wa mashamba walikuwa wakikutana mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ujira wao ulikuwa umeshuka kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 8, kisha 7, na tishio la 6 lilikuwa mlangoni. Wakiongozwa na George Loveless, waliunda chama mwaka 1833. Mwanachama mpya alifungwa kitambaa machoni, akala kiapo, kisha akafunguliwa na kuoneshwa picha ya kiunzi cha mifupa, akumbuke kwamba kifo kipo.

Vyama vya wafanyakazi havikuwa haramu tena tangu 1824. Wenye mashamba wakatafuta upenyo kwingine: sheria ya viapo ya 1797, iliyotungwa kuzima maasi ya mabaharia. Machi 1834, mahakama ya Dorchester iliwahukumu vibarua sita kupelekwa Australia kwa miaka saba. Maelfu waliandamana London Aprili mwaka huohuo, na mwaka 1836 serikali ikawasamehe. Watano kati yao hatimaye walihamia Kanada. James Hammett peke yake alirudi kuishi Tolpuddle, na mwaka 1891 akafia katika nyumba ya maskini.

Watu hawa hawakuacha jumba wala hazina. Kumbukumbu yao ilibaki kwenye mti, na leo mti huo uko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi.

Miti mingine ya vijiji vya Uingereza hulindwa na halmashauri kwa Amri ya Kuhifadhi Mti. Amri hiyo huambatana na ramani inayoonesha mti ulipo, na mwenye ardhi hupewa nafasi ya kupinga. Ikithibitishwa, hata mwenye shamba hawezi kuukata, kuupogoa wala kuung'oa bila kibali. Anayeuangamiza anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo, na hudaiwa kupanda mwingine mahali pake. Katika maeneo ya hifadhi ya kihistoria, hata mti usio na amri hauguswi kabla ya taarifa ya wiki sita kutolewa, ili halmashauri ipate muda wa kuamua.

Naiona hekima kubwa hapo. Sheria iliyopindishwa iliwatenga vibarua na kijiji chao; sheria iliyonyooka inaweza kulinda kivuli walichokalia. Lakini haiulindi mti usiojulikana. Lazima kwanza mtu auoneshe, aeleze thamani yake, na mti uingie kwenye daftari la halmashauri.

Basi, msomaji, kama kijijini kwenu upo mti ambao chini yake wazee walikata shauri kubwa, waulize habari zake wangali hai, ziandike, uzipeleke kwa serikali ya kijiji. Shoka halisubiri historia iandikwe.