Reli Iliyopita Ng'ambo ya Mto: Njia ya Reli ya Tanga katika Historia ya Korogwe na Handeni, 1893–1963

Utangulizi

Korogwe na Handeni zimetenganishwa na mwendo wa kilomita 65 hivi kwa barabara. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Tanga, na Wazigua wanaishi katika wilaya zote mbili. Hata hivyo, historia ya karne ya ishirini imezipa sura mbili tofauti. Korogwe hutajwa kuwa mji wa reli na mkonge, ilhali Handeni hutajwa kuwa nchi ya ukame na njaa. Tofauti hiyo huelezwa mara nyingi kana kwamba imetokana na mvua na udongo peke yake.

Insha hii inahoji maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba unyonge wa kiuchumi wa Handeni hauwezi kueleweka bila kuzingatia mahali ilipopita Reli ya Tanga, iliyoitwa pia Reli ya Usambara, pamoja na sababu za kupitishwa hapo. Haidaiwi kwamba reli ndiyo iliyoleta ukame. Kinachodaiwa ni kwamba reli iliamua ni nani angeukabili ukame akiwa karibu na soko, na ni nani angeukabili akiwa mbali nalo.

Hali kabla ya reli

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, eneo hili lilikuwa na njia kadhaa za misafara, na hapakuwa na njia moja iliyozimeza nyingine zote. Misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto kuelekea Mazinde na Kilimanjaro. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alijenga nguvu zake Mazinde, tambarare chini ya milima, kwa sababu huko ndiko biashara ilikopita. Kwa upande wa kusini, Uzigua iliunganishwa na pwani kupitia Saadani, bandari ya Bwana Heri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani katika vita vya 1888 hadi 1890.

Katika mfumo huo, Handeni haikuwa pembezoni. Mpagazi alihitaji chakula, maji na mahali pa kulala, na mahitaji hayo yalipatikana katika vijiji vingi. James Giblin, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1992, ameonesha kwamba wakuu wa Uzigua waliitumia biashara hiyo kujipatia wafuasi, na kwamba uhusiano wa mkuu na wafuasi wake uliwasaidia watu kuvuka misimu mibaya. Ukame ulikuwapo, lakini haukuwa lazima ugeuke njaa.

Ujenzi wa reli, 1893–1912

Kampuni ya kujenga reli ilianzishwa mwaka 1891 chini ya mwavuli wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Bandari ya Tanga ilichaguliwa badala ya Pangani, mji wa biashara wa zamani, kwa kuwa ina kina na kinga ya upepo, wakati mlango wa Mto Pangani umezibwa na fungu la mchanga linalozuia meli kubwa. Upana wa njia ulikuwa mita moja kati ya pau mbili. Treni zilifika Pongwe mwaka 1894 na Muheza mwaka 1896. Hapo fedha za kampuni zikaisha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua njia hiyo.

Chini ya serikali, reli ilifika Korogwe mwaka 1902, kilomita 84 kutoka Tanga. Ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, kisha ikazinduliwa rasmi mwaka 1912 ikiwa na urefu wa kilomita 352. Awali ilitarajiwa kufika Ziwa Viktoria, lakini Waingereza walitangulia kulifikia kwa reli yao kutoka Mombasa. Serikali ya Kijerumani nayo ilianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Jambo la msingi kwa insha hii ni ukingo wa mto. Kutoka Korogwe kuelekea Mombo, reli ilibaki kaskazini mwa Mto Pangani, kati ya mto na Milima ya Usambara. Wajenzi walilenga ardhi iliyotakiwa na walowezi: kwanza mashamba ya kahawa ya Usambara, kisha tambarare iliyofaa mkonge. Handeni ilibaki ng'ambo. Hivyo reli mbili za Wajerumani zikawa zimeizunguka kaskazini na kusini bila mojawapo kuigusa.

Mkonge na gharama ya kuwa karibu

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kahawa ya Usambara ilipodorora, mkonge ulichukua nafasi yake, na kufikia 1913 ulikuwa ukiongoza katika mauzo ya nje ya koloni.

Zao hili liliitegemea reli kwa namna ya pekee. Jani la mkonge ni zito, na sehemu ndogo sana ya uzito wake ndiyo huwa katani. Kwa hiyo kiwanda cha kusaga kilipaswa kuwa ndani ya shamba, na majani yalipelekwa huko kwa vigari vya reli nyembamba. Katani ilipokauka na kufungwa marobota, ilihitaji njia rahisi ya kufika bandarini. Ngombezi, Magunga na Mazinde zilikuwa na njia hiyo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Korogwe ilineemeka tu. Ardhi nzuri kando ya reli iligeuka mali ya mashamba makubwa. Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898, iliwalazimisha watu kutafuta fedha taslimu, na kazi ilijazwa na vibarua kutoka mbali, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma. Chini ya Waingereza, vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Reli iliyobeba katani kwenda Tanga ndiyo iliyowaleta wengi wao. Kwa hiyo Korogwe ilipata soko na ajira, na wakati huohuo ikapoteza ardhi. Handeni ilibaki na ardhi yake bila soko.

Vigari vya Handeni, 1916

Mtu anaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba Handeni haikupata reli kwa sababu mto na nyika vilizuia ujenzi. Historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia inaudhoofisha upinzani huo. Wajerumani walipotaka kuhamisha mizigo kutoka reli ya kaskazini kwenda upande wa Reli ya Kati, walijenga njia nyembamba ya vigari vilivyosukumwa kwa mikono kutoka Mombo kuelekea Handeni. Mto ulivukwa, na njia ikakatwa nyikani.

Majeshi ya Jan Smuts yaliposhuka na bonde mwezi Juni 1916, Korogwe ilitekwa tarehe 15, na Handeni ikafuata siku chache baadaye. Ni kweli kwamba vigari vya kusukuma si treni, na njia ya vita haipimwi kwa hesabu za faida. Lakini mfano huu unathibitisha kwamba kizuizi kikuu hakikuwa maumbile. Dola ilipoihitaji Handeni, pau zilifika. Vita vilipopita, njia hiyo haikugeuzwa kuwa reli ya kudumu. Kilichobaki Handeni ni hasara ya nafaka na wanaume waliochukuliwa na majeshi yote mawili.

Kutoka vita hadi uhuru

Waingereza waliiunganisha reli hii na ile ya Kenya kwa tawi la Voi hadi Kahe, lililojengwa kwa ajili ya vita, na sehemu ya mizigo ya Moshi ikaanza kwenda Mombasa. Mwaka 1929 njia ilifika Arusha, na mwaka 1948 ikaingizwa katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Katika mabadiliko hayo yote, reli iliongezwa upande wa kaskazini.

Ni mwaka 1963, baada ya uhuru, ndipo njia ya kuunganisha Reli ya Tanga na Reli ya Kati ilipofunguliwa, kutoka eneo la Mnyusi, Korogwe, hadi Ruvu. Kwa mara ya kwanza reli ya kudumu iliuvuka Mto Pangani kuelekea kusini, miaka 70 baada ya ujenzi kuanza Tanga. Hata hivyo, ilipita mashariki, mbali na mji wa Handeni. Barabara kuu ya Chalinze hadi Segera nayo ilipita Mkata na Kabuku, ikauacha mji huo kando.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba tofauti ya Korogwe na Handeni ina tarehe, na kwa hiyo ina historia. Kabla ya 1893 sehemu zote mbili zilishiriki katika biashara ya misafara. Baada ya 1902 moja ilikuwa na stesheni na nyingine haikuwa nayo. Reli ilifuata mahitaji ya mashamba na ya dola, si ya wakulima wa upande wowote wa mto.

Matokeo yake kwa utafiti ni kwamba njaa za Handeni zisiandikwe kama habari za mvua peke yake. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilirejea mwezi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kusimama, na mjadala wa faida za reli ukafufuka nazo. Historia hii inashauri kwamba faida hizo zisipimwe kwa urefu wa njia tu. Zipimwe pia kwa kuuliza ni mkulima gani anaweza kuufikisha mzigo wake stesheni, na kwa gharama ipi.