Ukoo wa O'Neill: damu ya mfalme au kalamu ya washairi?

Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College, Dublin, walitangaza kwamba karibu mwanamume mmoja kati ya watano kaskazini-magharibi mwa Ireland ana alama moja ya vinasaba, inayorithiwa kwa baba. Wakadhani chanzo cha alama hiyo ni Niall wa Mateka Tisa, mfalme anayesemekana kutawala katika karne ya 5. Tangu hapo biashara ya kupima mate imenoga, na wateja kibao wanajiita wajukuu wa mfalme.

Masimulizi ya Zama za Kati yanasema mama yake Niall, Cairenn, alikuwa mtumwa. Mke mkubwa wa baba yake Niall, malkia Mongfind, alimlazimisha Cairenn kuteka maji hata akiwa na mimba pevu, akajifungulia palepale kisimani. Mtoto akalelewa na mshairi Torna, akarudi kijana, akamtoa mama yake utumwani. Siku moja yeye na kaka zake wanne walishikwa na kiu mawindoni. Kisima walichokiona kilikuwa na kizee wa kutisha, naye alidai busu kwanza. Kaka watatu walikataa. Fiachra alimgusa kwa midomo tu. Niall akamkumbatia bila kusita, na kizee akageuka binti mrembo aliyejitambulisha kuwa ndiye Utawala wa Ireland.

Ujanja wa kisa hiki haujifichi. Kiliandikwa wakati wazao wa Niall wameshika enzi, na kinaeleza kwa nini mwana wa mtumwa aliwapita wana wa malkia. Hata busu la Fiachra lina malipo yake: wafalme wawili kutoka uzao wake. Washairi walijua nani anawalisha.

Tena jina la ukoo wa O'Neill, unaojinasibu naye, halikutoka kwa Niall huyo, bali kwa Niall Glúndub, aliyeuawa mwaka 919 akipigana na Waviking karibu na Dublin. Wakuu wa ukoo walitawazwa Tullyhogue juu ya kiti cha mawe, ambacho Lord Mountjoy wa Uingereza alikivunja mwaka 1602. Mkuu wao wa wakati huo, Hugh O'Neill, alikimbia nchi mwaka 1607, akafia Roma mwaka 1616.

Makadirio ya baadaye yameelekea kuiweka alama ile karne kadhaa kabla ya Niall, na mifupa yake haijapatikana hata ilinganishwe na mate ya mtu. Wanaouza vyeti vya ufalme wawaeleze wateja hayo kabla ya kupokea pesa zao.