F-19: ndege iliyouzwa madukani bila kuwahi kuruka

Leo naomba tuweke siasa za nyumbani pembeni, tuzungumzie midoli. Usicheke. Mdoli ninaoutaja hapa uliwafanya wabunge wa Marekani mwaka 1986 wapandishe sauti, na sisi wa kalamu na daftari tuna la kujifunza humo.

Nazungumzia modeli za ndege za plastiki. Kwa ambaye hajawahi kuziona: unanunua boksi, ndani yake kuna vipande vya ndege vilivyoshikana kwenye fremu. Unavikata, unaviunganisha kwa gundi, unapaka rangi, kisha unabandika alama. Alama hizo huja kwenye karatasi maalumu. Ukiilowesha majini, nembo inateleza na kuhamia kwenye bawa. Vipimo vinavyopendwa sana ni 1 kwa 72 na 1 kwa 48, yaani ndege halisi imepunguzwa mara 72 au mara 48.

Wenye mapenzi na kazi hii hawana utani. Pua ya ndege ikinenepa kidogo kuliko ya kweli, lawama. Herufi ya mkiani ikiwa nyeupe wakati ndege yenyewe ilikuwa na ya kijivu, lawama. Wanataka usahihi. Ndiyo maana kisa cha F-19 kinanifurahisha na kunitisha kwa wakati mmoja.

Miaka ile ya 1980 Wamarekani wengi walishasikia kwamba jeshi lao lina ndege ambayo rada haiioni. Serikali haikusema kitu. Watu wakaanza kuhesabu: kuna F-18, kuna F-20, je, F-19 iko wapi? Namba imerukwa. Basi ikaaminika kwamba F-19 ndiyo hiyo ndege ya siri.

Mwaka 1986 kampuni ya Testor ikaitoa F-19 kama modeli ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 48. Mbunifu wake aliitwa John Andrews. Hakuwa na mtu wa kumpa siri. Aliunganisha tetesi na taarifa zilizokuwa wazi kwa kila mtu, akapiga hesabu ndege kama hiyo ingepaswa kufananaje. Akatoa chombo cheusi, chenye mwili wa mviringo na laini kama kokoto ya mtoni, na mapezi mawili ya nyuma yaliyoinamiana. Modeli ikauzwa kama njugu.

Tarehe 11 Julai mwaka huohuo, ndege ya jeshi ikaanguka usiku kwenye msitu wa Sequoia, California. Rubani wake, Meja Ross Mulhare, alifariki. Wanajeshi wakaufunga msitu na kukataa kusema ni ndege ya aina gani. Kwa raia aliyetaka kujua kilichoanguka kinafananaje, picha iliyokuwepo ilikuwa ile ya kwenye boksi la dukani.

Kilichofuata ndicho kichekesho. Mwaka huohuo wabunge walikuwa wakihoji upotevu wa nyaraka za siri kwenye kampuni ya Lockheed, ambayo kweli ndiyo iliyokuwa ikiitengeneza ndege ya siri. Modeli ile ikaletwa kikaoni. Mbunge Ron Wyden akalalamika kwamba kitu ambacho yeye, mbunge, haruhusiwi kukiona, kinauzwa kwenye maboksi ya watoto. Ukimsikiliza haraka utamwona ana hoja. Tatizo ni kwamba hakuna siri iliyovuja. Kilichokuwa mezani kilikuwa kisio la bwana Andrews.

Ukweli ulitoka tarehe 10 Novemba 1988. Pentagon ikaonyesha picha moja ya ukungu-ukungu ya ndege iitwayo F-117A. Haikuwa F-19, na haikuwa ya mviringo. Ilikuwa imejaa bapa na kona kali, kama almasi iliyochongwa na fundi mwenye hasira, na mapezi yake yalitanuka kama herufi V. Ilikuwa ikiruka tangu tarehe 18 Juni 1981, miaka mitano kabla ya modeli ya Testor kuingia sokoni.

Kwa nini bapa? Mwaka 1962 mwanasayansi wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha kazi yake kuhusu jinsi mawimbi yanavyorudi yakigonga kingo za kitu. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza, mtaalamu wa Lockheed, Denys Overholser, akaona inafaa kwenye programu ya kompyuta. Lakini kompyuta za miaka ya 1970 hazikuwa na nguvu ya kukokotoa umbo la mviringo. Zilimudu bapa tu. Basi ndege ikawa ya bapa.

Naomba tumtendee haki Andrews. Hakuwa mwongo, na kisio lake halikuwa la kipuuzi. Siku 12 tu baada ya picha ile, tarehe 22 Novemba 1988, Marekani ilionyesha ndege nyingine isiyoonwa na rada, B-2, nayo ilikuwa laini na ya mviringo. Kilichowapoteza watu ni plastiki yenyewe. Tetesi ukiisikia kijiweni unaitilia shaka. Tetesi hiyohiyo ukiichonga, ukaiwekea magurudumu, kiti cha rubani na mistari ya viungo vya bati, halafu ukaiandikia kipimo cha 1 kwa 48, nani atakuuliza umeipima wapi?

Kuna kisa cha pili, na hiki kinahusu alama. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, wakati NATO ikiishambulia Yugoslavia, kikosi cha makombora cha Waserbia kiliidungua F-117 karibu na kijiji cha Buđanovci, magharibi mwa Belgrade. Mabaki yakaonyeshwa kwenye televisheni dunia nzima. Mkiani kulikuwa na herufi HO, za kambi ya Holloman huko New Mexico. Kwenye fremu ya kioo cha rubani kulikuwa na cheo na jina la mtu. Vyombo vya habari vikalichukua jina lile vikatangaza: huyu ndiye rubani aliyedunguliwa.

Haikuwa kweli. Aliyekuwemo aliitwa Dale Zelko, na aliokolewa saa chache baadaye. Jina la kwenye fremu lilikuwa la rubani mwingine aliyekabidhiwa ndege ile kwenye makaratasi. Jeshini ndege huandikwa jina la mtu mmoja na kurushwa na yeyote aliyepangwa siku hiyo.

Niliposoma habari hiyo nilijisikia vibaya, kwa sababu na mimi nimewahi kufanya hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye ajali ya lori. Dereva alifariki. Mlangoni mwa lori kulikuwa na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, nami nikaliandika gazetini kuwa ndilo la marehemu. Lilikuwa la mwenye lori. Yeye alikuwa mzima nyumbani kwake, akishangaa ndugu wanamiminika na vilio, na wengine wameshapanda basi kutoka mkoani. Familia ya dereva haikuona jina la mtu wao popote. Kesho yake tukachapa masahihisho, kiboksi kidogo kama stempu. Sidhani kama kilitosha.

Sikubuni lile jina. Nililiona kwa macho yangu. Nilichoshindwa ni kuuliza swali moja tu: jina hili linafanya nini hapa?

Waunganishaji wa modeli wanalijua swali hilo kuliko sisi. Anayetaka kuitengeneza F-117 iliyodunguliwa, namba 82-806, haweki jina la Zelko kwenye fremu, hata kama Zelko ndiye shujaa wa kisa. Anaweka la yule mwenzake, kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Siku hizi wapo watengenezaji, Airfix mmojawapo, waliokwenda na skana ya leza kwenye ndege halisi iliyo makumbusho kabla ya kuchonga ukungu wa plastiki. Hata hivyo makosa hayaishi. Mwaka 2014 kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech ilitoa Messerschmitt Bf 109 G-6 mpya ya 1 kwa 48. Wateja wakachukua rula, wakapima, wakakuta imezidi ukubwa. Kampuni ikachonga ukungu upya, kwa gharama yake, na mwaka 2016 ikaitoa tena ikiwa sawa.

Ukungu mzima kwa ajili ya milimita chache, jamani. Mimi nilimpa mtu kiboksi cha stempu.