Rockex: Mashine ya Siri ya Profesa wa Toronto

Benjamin deForest Bayly alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme, Chuo Kikuu cha Toronto. Katika Vita vya Pili vya Dunia alisimamia Hydra, kituo cha mawasiliano ndani ya Camp X, kambi ya kijasusi iliyofunguliwa Desemba 1941 kando ya Ziwa Ontario, mashariki mwa jiji la Toronto.

Mashine aliyoibuni, Rockex, ilichanganya kila herufi ya ujumbe na herufi ya nasibu iliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Utepe huo ndio ufunguo: nakala moja kwa mtumaji, nyingine kwa mpokeaji, ukatumika mara moja tu. Ukitunzwa hivyo, hata kompyuta za leo haziwezi kuufumbua ujumbe. Vita vilipokwisha, balozi za Uingereza ziliendelea kuitumia Rockex.